Mwaka Tuliojifunza Kumwita Shefu

Siku tuliyomzika Shefu Monga, nyumbani kwake katika mtaa wa Panda, mjini Likasi, walikuwapo watu hawa wa mwaka ninaotaka kuusimulia: Mama Astrida, mke wake, ameketi juu ya godoro sebuleni, kitambaa cheusi kichwani; Mama Nkulu, aliyekuwa mkuu wa wauguzi wa upasuaji, sasa anatembea na fimbo; Dokta Mbuyi, aliyefika asubuhi kutoka Lubumbashi, na ambaye bado ana tabia ya kuvua viatu mara tu anapokaa; Dokta Nyembo, aliyenenepa hata sikumtambua mpaka alipocheka; Dokta Kasongo, ndugu yangu, ambaye leo ndiye bingwa wa upasuaji katika hospitali ya mji; na mimi, Mado, niliyekuwa nyuma ya nyumba kwenye masufuria, kama kawaida yangu. Wengine walikuwa wengi, ndugu na majirani na watu wa kanisa, lakini hao hawakula nasi meza moja mwaka ule.

Kwetu, kabla jeneza halijatoka, mtu husimama na kueleza ugonjwa. Si hotuba. Ni habari ya ugonjwa tangu siku ya kwanza: maumivu yalianzia wapi, walikwenda hospitali gani, walimpa nini, alisema nini, pumzi ilikatika vipi. Anayeeleza ni yule aliyekuwa karibu na kitanda, na akieleza hakuna anayemkata maneno. Watoto wa Shefu walimwomba Kasongo. Niliposikia sauti yake nilitua mwiko, nikaenda kusimama kwenye mlango wa jikoni, mikono bado ina unga wa bukari, ugali wetu. Alianza taratibu, kama Shefu mwenyewe alivyotufundisha. Ndipo mwaka ule ukanirudia wote, vyumba vyake na harufu zake.

Mambo ya nyumbani kwetu nitayaruka. Inatosha kusema tulibaki wanne bila wazazi, mimi mkubwa, na kwamba niliacha shule mapema ili wale watatu wasiiache. Mmoja akawa mwalimu kule Mulungwishi, mmoja fundi wa magari, na Kasongo akawa daktari. Anayetaka zaidi ya hayo atasubiri. Wapo wanaosubiri hadi leo.

Mimi nilikuwa mpishi na mlinzi wa funguo katika nyumba ya asistanti. Asistanti kwetu ni daktari aliyekwisha kumaliza shule, aliyekwisha kuponya watu miaka kadhaa, kisha amerudi chini ya wakubwa kujifunza ubingwa. Wa upasuaji waliletwa kutoka chuo kikuu Lubumbashi wakae Likasi sehemu ya masomo yao, na hospitali iliwapa nyumba ya zamani iliyobaki kutoka enzi za wazungu wa migodi: dari ndefu, sakafu ya saruji nyekundu niliyoipaka nta kila Jumamosi, mabafu mawili na maji katika bafu moja. Chumba cha kulia kilikuwa kikubwa kuliko vyote. Dirisha lake lilitazama mabomba ya moshi ya kiwanda cha madini cha Shituru, na mvua ikinyesha harufu ya udongo iliingia pamoja na nyingine ya chuma, ambayo mtu wa Likasi haisikii tena mpaka asafiri na kurudi. Kasongo alipopangiwa hospitali yetu nilifurahi, kwa sababu ningempikia. Sikujua kwamba nitamwona akikonda mbele ya sahani zangu.

Kila Alhamisi asubuhi kulikuwa na mkutano tuliouita stafu. Humo walizungumza juu ya wagonjwa waliokufa wiki hiyo. Mwanzoni ulifanyika katika ofisi ya upasuaji; paa la ofisi lilipoanza kuvuja waliuhamishia katika chumba changu cha kulia, na hivyo, nikiwa napanga vikombe nyuma ya mlango wa jikoni, nikaanza kusikia. Shefu Monga, mkuu wa upasuaji, alikaa mwisho wa meza. Alikuwa mtu mrefu, msafi, asiyependa kelele, aliyefanya upasuaji miaka mingi wakati ambapo hapakuwa na mwingine wa kuufanya, na mji wote ulimwamkia. Asistanti aliyekuwa zamu alisimama. Shefu aliuliza swali lake moja: "Muntu alikufa. Kosa ya nani?" Kisha akamchuna ngozi polepole, mbele ya wauguzi na wanafunzi, bila kuinua sauti. "Kasongo, weye unasomaka vitabu ao unavipigaka picha tu?" Watu walicheka kwa sababu Shefu alisema. Kasongo alicheka pia.

Baada ya stafu walibaki kula. Nyembo, aliyekuwa asistanti mwenzake, mtu wa mizaha, alivuta sahani na kuniita Ya, dada mkubwa, kama wote walivyofanya: "Ya Mado, uniwekee kidogo. Minye nilishakula matusi, mu tumbo kunabakia nafasi ya samaki moja." Kasongo alikuwa akiviringisha tonge la bukari kati ya vidole mpaka linapoa, halafu analirudisha. Nilimuuliza. Alisema, "Ya Mado, mule ndani hatujifunzi kupasua. Tunajifunza kujibu." Nilifikiri ni maneno ya mtu mchovu. Leo naona alikuwa ameueleza ugonjwa wote kwa sentensi mbili.

Dokta Mbuyi alikuja mvua za kwanza. Chuo kikuu kilimtuma asimamie masomo ya asistanti, kwa sababu walikuwa wakiomba kuhama mmoja baada ya mwingine, na ikiendelea hivyo Likasi haitaletewa asistanti tena. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye haraka, na alizaliwa hapa hapa Likasi, mtaa wa Kikula. Lakini ni wa familia za Kasai, na familia yake iliondoka kwa treni katika ile miaka mibaya watu wa Kasai walipofukuzwa hapa, yeye akiwa mtoto. Sasa alirudi na shahada kumwambia mzee wa hapa namna ya kufundisha. Hakuna aliyesema neno juu ya hilo. Lilikaa mezani tu, kama chumvi.

Wiki ya pili aliniomba tuondoe meza na kupanga viti kwa duara. "Ya Mado, ninataka muntu asijue mukubwa njo nani." Nilipanga. Vilipendeza. Asubuhi watu walifika, wakatazama viti, wakabaki wamesimama ukutani. Dokta Mbuyi akasema, "Ikaleni, bantu." Hakuna aliyekaa. Nyembo akamnong'oneza Mama Nkulu, "Kiti ya Shefu njo ile gani?" Mama Nkulu akajibu, "Njo ile minye vilevile ninatafuta. Siwezi kuikala mbele ya kujua." Ikawa hivyo mpaka Shefu alipoingia, akawakuta wamejipanga ukutani kama watu wa picha, na viti vitupu katikati. Akauliza, "Kuko kilio hapa? Juu ya nini munasimama?" Akavuta kiti cha karibu, akakaa. Papo hapo wote wakakaa: wa kulia kwake madaktari kwa vyeo, wa kushoto kwake asistanti kwa miaka, na wauguzi wakavibeba viti vyao nyuma wakatengeneza mstari wa pili. Duara la Dokta Mbuyi lilikuwa lile lile la zamani, limepindwa tu. "Kosa ya nani?" akauliza Shefu, na siku ikaendelea.

Meza ilirudi mahali pake, na Dokta Mbuyi akajaribu mengine. Alileta karatasi yenye maswali ya kuuliza badala ya lile moja. Shefu aliisoma, akaisifu, akaikunja mfukoni. Alipendekeza wauguzi waseme kwanza; wakaona haya, wakasema "hakuna la kuongeza." Baadaye aliketi jikoni kwangu, amevua viatu, anakula karanga. "Wananikubali kwa kichwa tu, Ya Mado. Kama Shefu angenikatalia, ningejua mahali pa kusukuma." Nilimwambia sijui mambo ya kusukuma; mimi nilijua kungoja. Akacheka, akasema kungoja ni kazi pia, lakini chuo hakitamlipa kwa hiyo.

Mwezi uliofuata mama yake Mama Nkulu alifariki. Hospitali nzima ilikwenda kilioni, kwenye msiba, Kikula. Nilikaa na wanawake uani, tukichambua sombe, yaani kisamvu, na Dokta Mbuyi akaja kukaa nasi badala ya kukaa na madaktari. Shefu Monga alikaa chini, juu ya mkeka, kati ya fundi viatu na mzee wa kanisa, na hakuna aliyemtafutia kiti, kwa sababu kilioni mtu hana cheo. Mdogo wake Mama Nkulu alisimama kueleza. Alisema yote. Alisema walipoteza wiki nzima wakimpa dawa ya tumbo na kumbe ilikuwa moyo. Alisema yeye mwenyewe ndiye aliyesema waende kwa mganga kwanza. Alilia kidogo, akaendelea. Watu walinyamaza mpaka mwisho, kisha wazee wakasema, "Tumesikia." Na Shefu, mkekani, akasema pamoja nao: "Tumesikia." Dokta Mbuyi aliacha majani ya sombe mkononi. Tulipofika mlangoni akasema, "Umemuona? Hakuuliza kosa ya nani."

Jumapili Dokta Mbuyi alikuja kunichukua twende kwa Shefu. Kwetu huendi kumwomba mzee jambo ukiwa peke yako wala mikono mitupu. Tulibeba kuku na unga wa mahindi, na mimi nilikwenda kwa sababu nilimjua Mama Astrida. Alitukaribisha sebuleni, makochi yamefunikwa vitambaa alivyofuma, akatuletea munkoyo, kinywaji cha mahindi, katika jagi la kijani. Shefu alimtazama kuku.

"Kuku hii inakuja kuniomba nini?"

"Ruhusa, Shefu," alisema Dokta Mbuyi.

"Bantu ba Kasai. Hata kuku yenu inasemaka."

"Ni kuku ya hapa, Shefu. Nilimununua ku Kikula. Kama anasemasema, ni weye ulimufundisha."

Mama Astrida alicheka mpaka akafuta macho. Shefu naye akalegea. Ndipo Dokta Mbuyi akamweleza, polepole, tofauti na haraka yake ya siku zote: stafu iwe kama kueleza ugonjwa. Aliyekuwa karibu na kitanda aeleze yote tangu mwanzo, asikatwe, na mwisho wote waseme wamesikia. Kisha ndipo waulize nini kitasaidia siku nyingine. Aliomba Alhamisi chache tu. Ikishindikana, yeye mwenyewe ataiondoa.

Shefu alikunywa munkoyo wake. "Ku kilio vilevile bantu banatafutaka mulozi, ule aliyeloga, Dokta. Usinidanganye."

"Njo juu ya ile muntu anaelezaka yote. Mahali banaeleza yote, mulozi anakosaka kazi."

"Na nani ataanza?"

"Weye, Shefu."

Alitua kikombe. "Mukubwa anasemaka wa mwisho."

"Ku kuamua, ndiyo. Ku dawa ya uchungu, mukubwa anaonjaka wa kwanza, batoto baone hakufa."

Mama Astrida alitazama mikono yake. Nilisikia saa ya ukutani na treni ya madini ikipita chini. Mwishowe Shefu alisema, "Muache kuku. Tutaona," na tulijua tumefukuzwa kwa heshima.

Wiki ile ile Kasongo aliingia asubuhi kwa chai, akakaa, akaitazama chai. Nilimuuliza nani amekufa, maana uso wa namna hiyo ninaujua. Aliniambia jioni iliyopita waliletewa kijana mchimbaji kutoka Kamatanda. Udongo ulimwangukia shimoni. Aliingia hospitali kwa miguu yake, anatania wenzake, anashika tumbo kidogo. Alikuwa anavuja damu kwa ndani. Usiku ule ule alikufa. Kasongo alikwenda chumbani, na nilipompelekea mkate nilikuta begi limefunguliwa kitandani, na vitabu vyake vile vizito vimewekwa chini, nje ya begi.

"Unaenda wapi?"

"Kamatanda. Kuko mufanya biashara ya madini, iko na zahanati yake. Atanilipa muzuri. Ijumaa ninaenda."

"Na masomo?"

"Ya Mado, minye si bingwa. Minye ni muntu ya kujibu maswali, na hata ile siijue."

Ndugu zetu wawili, majirani, watu wa kanisa letu, wote walikuwa wanangoja Kasongo amalize. Lakini si hilo lililonikaa rohoni. Kulea mtu ni kuujua uso wake. Niliona kwamba akitoka na begi lile hatapasua mtu tena maisha yake yote, na atakuwa na pesa, na hatakula. Sikumlilia. Nilimwambia, "Kwanza Alhamisi. Ijumaa utaenda." Akasema Alhamisi ndiyo anayoikimbia. Nilisema najua, na kwamba nitapika bitoyo, samaki wa chumvi anaowapenda, na wakibaki sahanini nitawala mwenyewe. Nilifunga mlango. Kisha nilirudi jikoni kwenye makaa.

Alhamisi Shefu alifika kabla ya watu wote, jambo ambalo halijapata kutokea. Nilikuwa bado napuliza makaa. Aliniamkia, akapita meza, akapita kiti chake, akaenda kukaa kwenye benchi la kando ya mlango wa jikoni, mahali pa Mama Nkulu. Mama Nkulu alipoingia akamkuta pale, alisimama amekumbatia mkoba wake.

"Shefu, kiti yako iko kule."

"Ikala, Mama. Leo minye njo nilikuwa karibu na kitanda."

Watu waliingia, wakamwona, wakakaa ovyo ovyo, kwa sababu hapakuwa na mwisho wa meza wa kuuhesabia vyeo. Kasongo alisimama, karatasi mkononi. Shefu akamwambia, "Ikala, mutoto yangu. Weye ni wa pili." Kisha akaeleza. Nilikuwa nyuma yake hatua chache, sikumwona uso. Niliona shingo yake na kola nyeupe aliyopigiwa pasi na Mama Astrida. Alisema alipokuwa asistanti, mbali na hapa, aliletewa mwanamke mwenye tumbo lililovimba. Alisema jina la mwanamke huyo. Sitaliandika, lakini alilisema mara moja bila kulitafuta, baada ya miaka yote ile. Alijua anahitaji mkubwa wake. Mkubwa wake alikuwa mtu wa matusi, na aliyemwita bila sababu alifanywa mchezo wa wiki nzima. Basi akangoja sababu ikue. Ilipokuwa kubwa ya kutosha, mwanamke akafa.

"Minye sikukosa akili," alisema Shefu. "Nilikosa mulango ya kupita. Mukubwa yangu aliufunga. Na minye nilipokuwa mukubwa, niliukuta umefungwa, nikaongeza kufuli. Njo ile. Nimemaliza."

Mama Nkulu ndiye aliyetoka kilioni siku si nyingi, na mdomo wake ulijua njia. Akasema, "Tumesikia." Wengine wakafuata, mmoja mmoja, hata Nyembo: tumesikia.

Ndipo Kasongo akaeleza. Kijana wa Kamatanda alivyoingia akicheka. Mapigo ya moyo yalivyokuwa yakipanda, naye akiyaona. Jinsi alivyoshika simu ili amwite Shefu, akakumbuka yale ya vitabu na picha, akairudisha mfukoni, akajiambia atazame kidogo tena. "Simu ilikuwa mu mukono yangu," alisema. Mama Nkulu, bila kuulizwa, akaongeza kwamba yeye pia aliona, alitaka kumwambia amwite Shefu, akaogopa kuonekana anamfundisha daktari. Shefu aligeuka kumtazama Kasongo. Niliona sasa upande wa uso wake, na niliona neno likipanda mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimelisikia Alhamisi nyingi mno nisilitambue. Alilimeza, kama mtu amezavyo bukari bila mboga.

"Tumesikia," akasema. Kisha: "Siku ingine, nini itakusaidia kuniita?"

Kasongo alifikiri. "Kama utaitika muzuri, Shefu."

Mtu mmoja alitaka kucheka akajikohoza. Shefu akatikisa kichwa polepole. "Ile itanisumbua," akasema. "Lakini nimesikia." Wakakubaliana neno moja tu siku hiyo: mtu yeyote, daktari au muuguzi, akiona shaka, aite, na neno la kwanza la mkubwa akiitika liwe "umefanya muzuri kuniita." Dokta Mbuyi alikuwa amevua viatu chini ya kiti.

Kilio cha kijana yule kilikuwa hakijaisha. Shefu alisema familia haijaelezwa, na kwamba si haki sisi kuelezana wenyewe kwa wenyewe halafu mama yake abaki na fununu. Basi Ijumaa Kasongo alikwenda Kamatanda kama alivyosema. Alikwenda na Shefu, katika gari la Shefu, bila begi. Waliyoyasema mbele ya mama yule hawakunisimulia, na sikuuliza. Waliporudi, Kasongo aliosha mikono, akakaa, akala bitoyo wa jana yake, baridi, mpaka mifupa.

Nisidanganye kwamba tangu siku hiyo mambo yalinyooka. Begi lilikaa kando ya kitanda wiki nyingi, na kitu kimoja kimoja kikatoka: kwanza mashati, viatu mwisho. Shefu alijitahidi na simu, lakini sauti yake haikuwa na habari na maneno yake, aliitika "Umefanya muzuri kuniita!" kwa namna ambayo ungefikiri anakutukana ukoo, na Nyembo alimwiga mezani mpaka chai ikamtoka puani. Nyembo mwenyewe hakuipenda ile njia. Alisema stafu imekuwa kanisa, akaomba kuhama Lubumbashi, na akahama. Wakati mmoja Dokta Mbuyi aliposafiri, Shefu alirudi mwisho wa meza na swali lake la zamani. Mama Nkulu alinyanyuka kimya kwenye benchi la mlangoni, akapangusa mahali pake kwa kitambaa, akasema, "Shefu, kiti yako." Shefu alimkodolea macho. Kisha akacheka, akahama. Nimeona watu wengi wakileta mapya katika nyumba ile, na mengi yalikufa siku aliyeyaleta alipofunga sanduku. Dokta Mbuyi aliondoka mwisho wa mwaka, na Alhamisi iliyofuata Shefu alikaa mlangoni kabla sijawasha makaa. Nadhani alikuwa ameacha kulihesabu kuwa jambo la Mbuyi. Lilikuwa la kilio, na kilio ni chake kama ni cha mtu yeyote.

Nilisimama, basi, kwenye mlango wa jikoni wa Mama Astrida, na Kasongo akieleza ugonjwa wa Shefu Monga. Alieleza yote. Alisema maumivu ya kifua yalianza mapema, na mzee hakumwambia mtu. Alisema alimpitia mara nyingi, akakuta anasoma, akamwambia yuko muzuri. Siku ya mwisho alikutwa barazani ameketi. "Simu ilikuwa mu mukono yake," alisema Kasongo, na hapo akamalizia. Yule aliyefundisha mji mzima kuita hakuita. Hakuna aliyemkata, hakuna aliyeuliza kosa. Mama Astrida, kutoka godoroni, ndiye aliyetangulia: "Tumesikia." Nyembo alisema kwa sauti kuliko wote. Baadaye, akila, aliniambia kwamba huko aliko naye ameweka benchi mlangoni, na nisimwambie Mbuyi.

Tulirudi kutoka makaburini, nikapakua. Dokta Mbuyi alinifuata nyuma ya nyumba, akavua viatu, akaanza kufuta sahani. Nilijua anachotaka. Mwisho wa mwaka ule, Alhamisi moja watu wakiwa wametawanyika, Shefu aliingia jikoni kwangu na kikombe chake, Dokta Mbuyi nyuma yake. "Mado," alisema Shefu, "kila wiki unasikia yetu. Ya mama yako, nani aliieleza?" Nilimjibu hakuna. Siku ile wakubwa waligombana uani wakitafuta mulozi, na mimi, niliyekuwa karibu na kitanda, nilikuwa msichana. Jeneza lilitoka bila kuelezwa. "Basi weye utaieleza," alisema. Nilisema siku moja. "Haya. Ile ni deni, minye ninangojea." Alinikumbusha karibu kila mwaka, bila kunisukuma, kama mtu anayeulizia mvua.

"Ya Mado," alisema Dokta Mbuyi, "ile ya mama."

"Bado."

"Shefu haiko tena wa kuisikia."

"Ninajua."

Kasongo alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, koti begani. Mama alipokufa alikuwa bado anabebwa mgongoni. Anachokijua ni yale ya uani. Alivuta kigoda cha kuchambulia mboga, akakaa karibu na masufuria. Hakuniomba. Aliweka mikono juu ya magoti, kama wanavyokaa Alhamisi, akangoja. Nilifungua mdomo. Nilimwambia ale kwanza, chakula kinapoa, na akala.

Nimeeleza ya Shefu, na ya kijana wa Kamatanda, na ya mama yake Mama Nkulu. Aliyekuwa akinidai amekufa, lakini deni halikuzikwa naye. Limerithiwa na wadogo zangu watatu, na mmoja wao, Kasongo, yuko mlangoni kwangu leo, ameketi, anangoja nieleze ya mama.